Kikumi ya marehemu baba inachemsha ikipanda Sipi: usikimbilie kununua injini

Swali limetoka Mbale, nimelifupisha kidogo: "Mzee, pole na kazi. Mimi ni mwalimu. Baba alifariki mwaka jana akaniachia Kikumi (Toyota Corolla AE100) yake ya 1994, ileile aliyokuwa anatupeleka nayo shule. Mjini inatembea vizuri, ila nikiipandisha kwetu Kapchorwa kabla sijafika Sipi mshale wa joto unapanda mpaka juu na maji yanamwagika. Makanika wa kwanza aliskimu hedi (alisawazisha uso wa kichwa cha injini). Wa pili anasema injini imechoka, ninunue nyingine Kisekka, soko la spea Kampala, milioni mbili na laki tatu pamoja na kufunga. Ndugu zangu wanasema niiuze ninunue Vitz. Mi siitaki Vitz. Ndani kuna daftari la baba alilokuwa anaandika mambo ya gari, sijui kama litasaidia. Nifanye nini?"

Mwalimu, pole na msiba. Nakujibu kwanza kwa kifupi halafu nitazunguka kama kawaida yangu: injini usinunue. Bado. Kuna mtu kafungua hedi, kaiskimu, kafunga, kachukua hela, gari ikachemsha palepale, na huyu wa pili badala ya kujiuliza kwa nini ilichemsha tena yeye anataka kukubadilishia moyo mzima. Hakuna hata mmoja aliyekwambia joto linatoka wapi. Injini mpya (mpya ya Kisekka, yaani iliyozeekea Japani) ukiifunga kwenye rejeta ileile, paipu zilezile, feni ileile, itapanda Sipi mara mbili tatu halafu na yenyewe itafunguliwa hedi. Hilo nimeliona mara nyingi na mara moja mwenye gari nilikuwa mimi mwenyewe, nitakusimulia aibu yangu huko chini.

Kwanza tuelewane kwa nini ni mlimani na si mjini. Mjini Mbale injini haifanyi kazi kubwa, joto ni dogo, hata rejeta iliyoziba nusu inalimudu. Ukianza kupanda unaweka gia ya pili, mguu umekanyaga, petroli inachomwa nyingi kila dakika, na gari yenyewe inajikongoja kwa hiyo ule upepo wa mbele wa kupooza rejeta haupo. Alafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii kabisa, huko juu maji yanachemka mapema. Pwani yanachemka kwa digrii 100, hapo Mbale kwenye mita kama 1,150 yanachemka kwa 96 hivi, Sipi karibu mita 1,800 ni 94. Mama yeyote wa Kapchorwa atakwambia maharage ya huko yanakula kuni kuliko ya Mbale, sababu ni hiyohiyo. Kinachokuokoa ni kifuniko cha rejeta, kile kidude chenye springi na raba, kinafungia presha ndani, bar 0.9 hivi, na hiyo presha ndo inafanya maji yasichemke mpaka yapite 110. Raba ikikauka ikapasuka presha haikai na maji yako yanakuwa kama ya sufuria tu. Kifuniko kizima ni bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Sasa jiulize kama kuna yeyote kati ya wale wawili aliyekigusa.

Haya, kesho asubuhi kabla hujawasha, injini ikiwa baridi, na nasema baridi kabisa, kuna kijana wa Ndeeba alifungua kifuniko cha moto mbele yangu na uso wake sitaki kuukumbuka, fungua rejeta utazame maji. Yakiwa ya rangi ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta), kijani au nyekundu, na ni masafi, una bahati. Yakiwa kama chai ya rangi au kama maji ya mtaro baada ya mvua kwenye murram, hapo tayari tumeanza kupata jibu. Injini yako ni 5A, bloku yake ni chuma, hedi ni aluminiamu, na vyuma viwili tofauti ukivitia kwenye maji ya bomba umetengeneza betri, kimoja kinaliwa taratibu na kutu inakwenda kukaa kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Watu wetu wanasema kulanti ni ya Wazungu wenye theluji. Theluji ni kazi yake moja tu. Kwetu huku kazi yake ni kuzuia kutu na kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka, na mtu anayekujazia maji ya jerikani kila wiki anakuua polepole huku anakusaidia.

Ukishatazama rangi, acha kifuniko wazi, washa, simama pembeni utazame mdomo wa rejeta. Mapovu machache yakitoka halafu yakakoma hiyo ni hewa tu. Yakitoka mfululizo kama soda iliyotikiswa, na ukigusa pedeli ya mafuta kidogo maji yanarushwa nje, basi moshi wa silinda unaingia kwenye maji, gasketi imekwenda au hedi ina ufa. Dalili nyingine ya hiyo ni asubuhi, gari imelala usiku mzima lakini ukiminya paipu la juu unalikuta gumu. Hapo hata mimi nitakwambia hedi ifunguliwe tena. Lakini ifunguliwe na mtu mwenye rula ya chuma iliyonyooka na zile bamba nyembamba za kupimia nafasi, manake Toyota wanataka hedi hiyo upande wa bloku isipinde zaidi ya milimita 0.05, na mwenye wenchi ya toki (spana inayopima nguvu ya kukaza), bolti zinakazwa kwanza Nm 29, halafu robo mzunguko, halafu robo nyingine, kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje. Muulize makanika wako wa kwanza alikaza kiasi gani. Akikuonyesha mkono wake na kusema "nasikia kwa mkono", umepata jibu.

Sasa kitu ambacho ningekiwekea dau bila hata kuiona gari. Thamostati. Mafundi wetu wana ugonjwa, wakifungua gari yoyote inayochemsha cha kwanza wanang'oa thamostati wanaitupa, wanasema "madam hii ni ya nchi za baridi, huku joto lipo". Na aliyekuskimia hedi lazima alipita hapohapo. Fikra yao ni kwamba ile ni kizuizi, ukiitoa maji yanapita bure. Ila kwenye hizi injini za A thamostati haina mlango mmoja, ina miwili. Ikiwa baridi inafunga njia ya kwenda kwenye rejeta na kuacha wazi njia ya mkato, maji yanazunguka ndani ya injini tu mpaka yapate moto. Ikifika digrii 82 hivi inaanza kufungua njia ya rejeta na papo hapo inaifunga ile ya mkato. Ukiing'oa, ile ya mkato inabaki wazi maisha yake yote. Kwa hiyo ukipanda mlima sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta kabisa. Umeelewa hapo? Umeitoa ili ipoe na umeifanya ichemke. Na ukiwa tambarare ndo kinyume, injini haipati joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi siku nzima inamwaga petroli, kwa hiyo kama gari imeanza kunywa mafuta kuliko enzi za baba hiyo nayo ni dalili.

Kupima ni rahisi. Washa ikiwa baridi, weka mkono kwenye rejeta yenyewe. Inatakiwa ibaki baridi dakika kadhaa huku injini inapata moto, halafu ghafla uisikie inapata joto, thamostati imefunguka. Ikianza kupata joto tangu mwanzo polepole sambamba na injini, ujue ile nyumba iko wazi na mwenyewe hayupo. Nyingine ukiinunua itie kwanza kwenye sufuria ya maji jikoni kabla ya kuifunga, uone inavyofunguka, ni kama kutazama ua linachanua, na ile isiyofunguka rudisha dukani siku hiyohiyo.

Feni nayo usiisahau. Ya Kikumi ni ya umeme, inawashwa na swichi iliyochomekwa kwenye maji. Ujanja wa swichi za Toyota wa miaka ile ni kwamba zinafanya kazi kinyume na unavyodhani: ikiwa baridi imefunga, ikipata moto inakata, na kukata huko ndo kunawasha feni. Kwa hiyo fungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, chomoa ile plagi ya waya, feni lazima ianze kuzunguka hapohapo. Ikizunguka, feni na rilei ni nzima. Isipozunguka usianze kununua feni, angalia fyuzi na rilei kwanza. Na ukikuta mtu ameunganisha feni moja kwa moja kwenye betri na swichi ya taa ya nyumbani pale chini ya usukani (usicheke, nimezikuta nyingi) jua kuna fundi alishindwa akakimbia.

Aibu yangu sasa. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na Toyota Corona, gari safi, na mimi nilishajiita fundi mkubwa, zaidi ya miaka kumi kwenye kazi. Tunakwenda Kabale kwenye mazishi ya shemeji, Masaka poa, Mbarara poa, kuanza kupanda milima ikachemsha. Tuliipooza tukafika usiku, wenzetu washazika. Nilivyorudi nikabadilisha gasketi. Safari iliyofuata ikachemsha. Nikaskimu hedi. Ikachemsha. Nikanunua rejeta nyingine. Ikachemsha, palepale, kama imewekewa alama barabarani. Mke wangu akaanza kusema gari ina mtu. Mwishowe nikasimama Mbarara kwa mzee mmoja mlehemu rejeta, mtu wa makamo ya baba yangu, hana hata gereji, ana mwembe na jiko la mkaa. Hakuuliza injini ni namba ngapi. Akasema washa, iache ipate moto, sasa kanyaga, kanyaga zaidi, shikilia hapo. Yeye amechuchumaa mbele anatazama chini. Akaniita, akamweka kijana wangu kwenye mafuta, akaniambia tazama paipu la chini.

Paipu la chini, lile linalotoa maji kwenye rejeta kurudi kwenye pampu, lilikuwa limenyonywa mpaka limelala bapa kama utumbo usio na kitu. Kijana akiachia mafuta linajaa, akikanyaga linalala. Ndani ya paipu hilo kunakuwa na springi ya kulishikilia lisinyonywe, na springi yangu ilikuwa imeisha kwa kutu, tulipolifungua ilitoka vipande vyekundu kama majani ya chai. Kutu hiyo nani aliileta? Mimi, na jerikani langu la maji ya bomba. Mjini mzunguko uko chini pampu hainyonyi kwa nguvu, paipu linakaa vizuri, hakuna anayeona kitu. Mlimani ndo linajifunga. Yule mzee akachukua waya mgumu, akauzungusha kwenye mpini wa jembe, mzunguko kwa mzunguko, akatengeneza springi akaisukuma ndani. Alinitoza hela ambayo naona haya kuiandika ukilinganisha na nilizokwisha tupa. Ile Corona niliiendesha miaka mingine sita.

Kwa hiyo mwalimu, hilo paipu la chini nalo litazame, mtu mmoja ndani akanyage mpaka kama mzunguko 3,000, mwingine atazame kwa mbali, asitie mikono karibu na feni na belti. Gari inayochemsha mlimani tu na mjini haina shida, paipu la chini ni mshukiwa wangu wa pili baada ya thamostati. Wa tatu rejeta kuziba. Kwa nje ni vumbi na wadudu, msimu wa senene zinaganda humo utafikiri mtu alizikaanga, osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele. Kwa ndani ni ile kutu, na hiyo unaijua kwa kupapasa rejeta ikiwa imepata moto kiasi na injini umeizima, ukikuta sehemu ni baridi na jirani yake ni moto basi hapo baridi hapapiti kitu.

Kuna kingine nakitaja haraka kwa sababu hedi ilifunguliwa: aliyefunga anaweza kuwa alihamisha distribyuta (kile kinachogawa moto kwenye plagi), taimingi ya moto ikichelewa gari inakosa nguvu na joto linapanda. Inapimwa kwa taa ya taimingi, digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, lakini lazima kwanza uunganishe TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, bila hivyo kompyuta inasogeza yenyewe na fundi anapima uongo. Fundi asiyejua TE1 ni nini asikuguse distribyuta.

Sasa hili la kuuza. Ndugu zako wanakupenda, ila wao wanaona mwaka 1994 na mi naona gari ambayo historia yake yote unaijua. Mzee wangu mwenyewe alikuwa na Peugeot 404, na zile zilikuwa na heshima hapa manake zilishinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na enzi hizo mbio zilikuwa zinapita Uganda pia, mzee alikuwa anatusimulia wanavyopita na vumbi lao kama yeye ndo alikuwa anaendesha. Tulipokuwa watoto spea hazipo, miaka ya sabini baada ya Wahindi kufukuzwa 1972 hata plagi unaipata kwa magendo, na nakumbuka tanki la petroli lilikuwa na tobo limezibwa kwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia, na ilishika miezi. Rejeta ikivuja mama ananyang'anywa manjano jikoni, vijiko viwili ndani ya maji, na kweli inaziba. (Usifanye hivyo kwenye yako. Manjano hayachagui tobo, yanaziba na vijia vizima.)

Baadaye nikawa kijana wa spana kwenye gereji moja Jinja iliyokuwa inahudumia 504 za abiria, zile ndefu za viti mistari mitatu. Hapo ndo nilijifunza Kiswahili cha kazi, fundi mkuu ametoka ng'ambo ya Busia, matusi yote kwa Kiswahili na mafunzo yote kwa Kiswahili. 504 ilikuwa gari ya mtu masikini mwenye akili: mikebe ya silinda inachomoka, imechakaa unavuta unatia mingine na pistoni zake, injini imekuwa mpya na bloku haijaenda popote. Gari yangu ya kwanza mwenyewe lakini ilikuwa Datsun 120Y, na niliinunua kwa sababu ya kijinga, Shekhar Mehta, aliyezaliwa hapahapa Uganda, alishinda Safari ya 1973 na Datsun 240Z, akashinda tena mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982, nikaona basi na mimi nikiwa na Datsun nitakuwa hivyo. 120Y na 240Z zinafanana jina tu. Ila ile gari ilinifundisha kusikiliza. Pointi za distribyuta nilikuwa naziweka kwa kipande cha karatasi ya pakiti ya sigara, nusu milimita hivi, naikunja mpaka nijue unene wake kwa vidole, barabarani, usiku, tochi mdomoni. Na nikiitazama ile gari sikumbuki kitu kimoja kilichoharibika kwa uzee wake. Viliharibika kwa sababu mtu, mara nyingi mimi, alibahatisha.

Kuuza au kutouza usiamue kwa injini. Injini, giaboksi, vyote vinapatikana, 5A hiyohiyo ilifungwa mpaka kwenye Corolla 110 zilizokuja baadaye kwa hiyo spea zitakuwepo bado. Bodi ndo haina duka. Chukua bisibisi, lala chini, gonga na kuchokoa chini ya milango, sakafu chini ya kapeti pale miguu ya dereva inapokaa, na mbele pale juu shokapu zinapofungiwa. Bisibisi ikigonga chuma, gari hiyo ina maisha. Ikizama kama kwenye mkate, au ukikuta pati nene na rangi juu, hapo na mimi nitaanza kusikiliza mambo ya Vitz. Huku kwetu barabara hazimwagiwi chumvi kama Ulaya, kwa hiyo kutu yetu ni ya maji yaliyolala na ya kulehemu vibaya baada ya ajali, na gari ya mtu mmoja aliyekuwa akiandika kwenye daftari sidhani kama ina hayo.

Halafu kuna wanaokutisha na sheria ya magari ya zamani. Sheria ya 2018 inakataza kuingiza nchini gari iliyopita miaka 15 tangu itengenezwe. Kuingiza. Yako imeingia zamani, haikuhusu. Maana yake kwako ni kwamba Kikumi nyingine haitashuka tena Mombasa kuja huku, zilizopo ndo hizohizo. (Vijana wanauliza jina lilitoka wapi, ni chesisi tu, AE100, na mia moja kwa Kiganda ni kikumi.) Makaratasi nayo kama bado yako kwa jina la marehemu yashughulikie, utahitaji barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani ndipo logibuku ihamie kwako, usingoje mpaka siku askari akusimamishe au ndugu mmoja abadilishe mawazo.

Ukipeleka gari kwa fundi, usiiache ukaenda kazini. Najua una vipindi, peleka Jumamosi ukae kwenye kiti. Mimi fundi mzima niliwahi kuiacha gari yangu siku mbili kwenye gereji ambayo siitaji, nikarudishiwa gari na alternata ya mtu mwingine, iliyopigwa rangi ya fedha bado haijakauka, iliniachia alama kidoleni. Piga picha chini ya boneti kabla, namba za betri, alternata, rejeta. Na kila spea ya zamani inayotolewa udai uondoke nayo, hata kama ni takataka, fundi akijua utaidai hatabadilisha kisichoharibika. Kwenye spea zenyewe, kifuniko, thamostati na paipu nunua mpya za kampuni inayojulikana, muuzaji wa Kisekka atakuuliza "original, Dubai ama China" na bei tatu zote anazijua kichwani, kwa vitu hivi vitatu lipa ile ya juu. Rejeta unaweza kuchukua iliyotumika ya Japani, lakini ijazwe maji upitishe mkono nyuma yake kabla hujatoa hela.

Utaratibu wako uwe huu basi: kifuniko, thamostati, paipu la chini, kusafisha rejeta na bloku mpaka maji yatoke masafi, kulanti nusu na maji yaliyochemshwa au ya mvua nusu. Ukijaza weka pua ya gari kwenye mwinuko, kifuniko wazi, hita ya ndani ifungue mpaka mwisho, iache iwake mpaka hewa yote itoke, manake hewa iliyobaki ndani nayo inachemsha gari nzima. Vyote hivyo havifiki hata robo ya hela ya ile injini. Kama kipimo cha mapovu kitaonyesha soda, rudi kwangu kabla hujafungua chochote. Na mpaka hapo wikiendi hii panda kamunye (matatu), Kikumi ibaki Mbale, kila ukiichemsha hedi ya aluminiamu inapinda zaidi na ukiipinda mara ya tatu nitakuwa sina la kukutetea mbele ya huyo wa injini.

Na hilo daftari la baba, nilitaka kuanza nalo nikasahau. Lifungue utafute sehemu mbili. Moja, mara ya mwisho aliandika rejeta, kulanti au paipu ni lini, na je, kabla ya hapo aliwahi kuandika kuchemsha. Kama miaka yote anapanda Kapchorwa na hajaandika hata mara moja, basi kosa limeingia baada yake, na mikono iliyoingia baada yake ni ya watu wawili tu. Pili, tafuta neno belti. Belti ya taimingi ya 5A inabadilishwa kila kilomita 100,000, ikikatika haibomoi valvu kama injini zingine, gari inazima tu, lakini kuzimikiwa katikati ya kona za Sipi usiku si mchezo. Ukilikuta na kilomita zake niandikie, pamoja na kilomita zilizopo sasa kwenye dashibodi. Usipolikuta, inunue hiyo belti pamoja na pampu ya maji, vinafungwa mahali pamoja na fundi atakutoza hela ya kazi mara moja.